Boke na Amplifaya ya Wati Elfu Tano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Boke alikuwa na kazi tatu. Alifagia uwanja, akamkatia ng'ombe majani, kisha akampelekea babu yake uji barazani. Kazi hii ya tatu ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Macho ya Babu Heche yalikuwa hayaoni tena, lakini masikio yake yalisikia kila kitu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Boke. Leo kiatu chako cha kushoto kinaburuta. Kaza kamba usije ukaanguka."

Boke aliinama akatazama. Kweli, kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imelegea. Alicheka, akaikaza, akamwekea babu kikombe cha uji mkononi.

Boke alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, msichana wa darasa la sita. Aliishi Nkende, mjini Tarime, pamoja na babu, mama yake Felista aliyekuwa mshonaji, na baba yake Machage, fundi mwashi. Kama watoto wengi wa Kikurya, alimwita baba yake Tata.

Sebuleni kwao kulikuwa na spika mbili kubwa za mbao zilizomfika Boke kifuani. Tata alizinunua zamani kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama. Juu ya meza kulikuwa na deki ya kuchezea kanda, na pembeni yake nafasi tupu. Hapo ndipo ilipokuwa ikikaa amplifaya, mashine inayopokea sauti ndogo kutoka kwenye deki na kuikuza mpaka spika ziimbe. Siku moja mwezi wa Januari umeme ulikatika, kisha ukarudi kwa nguvu. Amplifaya ikatoa moshi. Fundi Eunice, mama aliyetengeneza redio karibu na stendi, aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa.

"Transfoma imeungua," alisema. "Kipuri chake siku hizi hakipatikani. Tafuteni nyingine."

Hawakutafuta nyingine. Tata alisema kuna mambo ya muhimu zaidi, na hakuna aliyembishia. Spika zikafunikwa kitambaa.

Mwezi wa Aprili mama alikuwa akipanga nguo kwenye sanduku la babu. Chini kabisa alikuta kanda moja imefungwa kwenye leso. Alimpa babu aipapase. Vidole vya mzee vilitambaa juu ya kile kipande cha plastiki, kisha vikaishika ile leso.

"Hii ni sauti ya Simioni," alisema. "Nilidhani ilipotea tulipohama."

Simioni alikuwa mdogo wake Babu Heche. Ujanani wao wawili waliitwa kwenye sherehe nyingi. Babu alipiga iritungu, zeze kubwa la nyuzi nane, na Simioni akaimba kwa sauti yake nzito. Zaidi ya miaka thelathini iliyopita, mgeni mmoja aliyekuwa na mashine ya kurekodi aliwanasa wakiimba, akawaachia kanda. Mwaka huohuo Simioni aliugua akafariki. Binti yake, Agustina, alikuwa bado hajaanza kutambaa. Alilelewa na ndugu za mama yake wilayani Serengeti, na sasa alikuwa mpishi katika kambi moja ya watalii huko Robanda. Hakuwahi kusikia sauti ya baba yake hata siku moja.

Jirani yao Tomaso alileta redio yake ndogo ya kanda wajaribu. Iritungu ilisikika kama mtu anayekwaruza bati, na Simioni alisikika kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Babu aliomba wazime.

"Huyo siye," alisema kwa huzuni. "Agustina akisikia hivi, ni heri asisikie kabisa."

Wiki iliyofuata Agustina alipiga simu. Alikuwa amepata likizo fupi, angefika Jumapili. Baada ya simu ile Tata aliingia chumbani. Kisha akatoa fedha alizokuwa amezitenga kwa ajili ya kupiga lipu chumba cha nyuma.

"Chumba kitasubiri," alisema. "Boke, kesho ukitoka shule pitia kwa Fundi Eunice. Muulize tununue amplifaya ya namna gani kwa fedha hii. Wewe ndiye unayesoma Kiingereza cha kwenye maboksi, utanielewesha."

Boke alivimba kwa furaha. Asubuhi yake aliwatangazia wenzake darasani kwamba yeye ndiye atakayechagua amplifaya ya nyumbani kwao.

"Kwani wewe unazijua?" aliuliza rafiki yake Rose.

"Nazijua sana," alijibu Boke, ingawa hakujua chochote.

Jioni walitoka shule pamoja. Njiani walipita mbele ya duka moja la vyombo vya umeme, wote wawili wakasimama ghafla. Mlangoni kulikuwa na amplifaya inayong'aa kama sahani mpya. Taa za bluu zilipanda na kushuka kufuata muziki. Mbele yake kulikuwa na maandishi makubwa: WATI 5000.

"Hiyo ndiyo!" Rose alimvuta mkono. "Boke, elfu tano! Nkende nzima itasikia."

"Hii ukiiwasha, mabati yanaruka," alisema mwenye duka. Bei yake ilikuwa inatoshana na fedha ya Tata.

Boke aliitazama mpaka jua likaanza kuzama. Kutoka pale hadi kwa Fundi Eunice ulikuwa mwendo wa robo saa. Lakini Rose alikuwa pembeni yake, na Boke alikwisha kusema kwamba anazijua. Angeendaje kwa fundi kuuliza kama mtoto wa darasa la kwanza? Na isitoshe, angeuliza nini tena? Elfu tano ni elfu tano. Akageuka akaenda nyumbani.

"Fundi amesemaje?" Tata aliuliza wakati wa kula.

Jibu lilimtoka Boke kabla hajalifikiria. "Amesema ile ya wati elfu tano inafaa. Iko kwenye lile duka la njia ya shule, nimeiona."

"Elfu tano!" Tata alishangaa. "Haya. Kama Eunice amesema, basi. Yule mama hana maneno ya bure."

Boke aliosha mikono kabla hajamaliza ugali wake.

Siku ya pili, Ijumaa, mwalimu wa hisabati alimwita jina mara mbili bila kuitikiwa. Boke alikuwa akiwaza. Je, Tata akikutana na fundi barabarani? Halafu likaja wazo baya zaidi: je, ile mashine ikishindwa kumwimbisha Simioni? Kengele ya mwisho ilipolia hakumsubiri Rose. Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Eunice.

Fundi alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa Machage? Baba yako aliniambia ungekuja jana."

Boke alitazama chini. "Sikuja. Nimeiona amplifaya moja, ina wati elfu tano."

"Elfu tano." Fundi Eunice aliweka chini chuma chake cha kulehemu. "Nani kasema?"

"Imeandikwa mbele."

"Na nyuma imeandikwa nini?"

Ulimi wa Boke ulitaka kusema lolote, kama ulivyofanya jana. Safari hii aliuzuia. "Sijui," alisema.

"Vizuri. Anayesema sijui naweza kumfundisha." Fundi alimsogezea kigoda akae. "Mbele ya mashine, muuzaji huandika anachopenda. Nyuma kuna kibandiko kidogo kinachoonyesha mashine inatumia wati ngapi kutoka ukutani. Nyumbani mna ng'ombe?"

"Tuna mmoja."

"Akila mzigo mmoja wa majani, anaweza kukupa pipa zima la maziwa?"

Boke alicheka. "Hawezi!"

"Basi nenda kasome nyuma. Uje uniambie huyo ng'ombe wako wa elfu tano anakula kiasi gani."

Boke alikimbia mpaka dukani. Alipofika mlangoni, alisita. Tata alikuwa amesimama mbele ya meza, kofia yake ya kazi ikiwa bado na vumbi la saruji. Mwenye duka alikuwa anaiingiza ile amplifaya kwenye boksi. Fedha ilikuwa mkononi mwa Tata.

"Boke!" Tata alifurahi kumwona. "Nimetoka kazini mapema. Nimesema kwa nini tungoje kesho?"

Kulikuwa na wateja wanne mle ndani, na mmoja wao alikuwa mama wa Rose. Boke angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua leo.

"Naomba nione nyuma yake," alisema kwa sauti ndogo.

Mwenye duka alikunja uso, lakini aliigeuza. Kibandiko kilikuwa kidogo kama stempu. Boke alisogeza macho karibu, akasoma, akasoma tena. Mashine ile ilitumia wati sitini tu. Sitini ziingie, elfu tano zitoke wapi?

Alimgeukia baba yake. Machozi yalikuwa karibu. "Tata, usinunue. Nilikudanganya. Jana sikufika kwa Fundi Eunice. Niliona taa hizi nikadhani najua."

"Mtoto huyu anajua nini?" mwenye duka alifoka. "Mzee, leta fedha, boksi liko tayari."

Tata alimtazama binti yake. Kisha akazikunja noti taratibu, akazirudisha mfukoni. "Samahani, bwana," alimwambia mwenye duka. "Hatutachukua leo."

Walitoka wakavuka barabara kubwa.

"Uongo wako umeniuma," Tata alisema. "Nimeuamini kwa sababu ni wewe umesema. Kama ungechelewa dakika moja, fedha ya lipu ingekwisha na sauti ya baba yangu mdogo isingesikika. Unaelewa?"

"Naelewa, Tata. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Najua haikuwa rahisi kusema vile mbele ya watu." Alimshika bega. "Sasa utamaliza kazi niliyokupa. Twende kwa fundi, na safari hii uulize mpaka uchoke."

Boke aliuliza mpaka jua lilipotua. Fundi Eunice alijibu kila swali, na Boke akaandika kwenye daftari. Alijifunza kwamba zamani watu wenye fedha walinunua mashine mbili, moja ya kuchagua na kurekebisha sauti, nyingine ya kuisukuma kwenye spika. Kwa nyumba kama yao ilitosha amplifaya moja yenye kazi zote mbili ndani yake. Alijifunza kutazama namba ya ohm, kipimo cha ukinzani wa umeme, nyuma ya spika na kuhakikisha amplifaya inaikubali. Alijifunza kupima uzito, kwa sababu transfoma nzuri ina chuma na shaba, navyo ni vizito.

"Nyingine nzuri huwa za mtumba, Sirari mpakani zipo," alisema fundi. "Hazina taa, hazina mbwembwe. Lakini mtumba usiununue kwa macho. Bebeni spika zenu na deki yenu, muiwashe nusu saa nzima. Chukueni kanda ya wimbo mnaoujua vizuri. Ile ya babu isitoke nyumbani."

"Na nikisikia mkwaruzo, nitajuaje mbovu ni amplifaya na siyo spika?" aliuliza Boke.

Fundi Eunice alivua miwani akamtazama kwa furaha. "Hilo ni swali la fundi. Sogea nikuonyeshe."

Jumamosi alfajiri Tomaso aliwapakia kwenye pikapu yake iliyojaa mikungu ya ndizi. Spika zilifungwa kwa blanketi kati ya mikungu, na Boke akapakata deki njia nzima. Sirari ilikuwa imeamka zamani. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, na wabadili fedha walikuwa wanapita na vibunda mkononi.

Mwenye duka la mtumba aliitwa Godwin, kijana mchangamfu aliyezoea wateja wa pande zote mbili za mpaka.

"Karibu mzee, karibu sista! Hapa ni mali safi tu, sio mchezo. Mnataka ya sherehe ama ya nyumbani?"

"Huyu ndiye mnunuzi," alisema Tata akimwonyesha Boke. "Mimi nimebeba spika tu."

Godwin aliangua kicheko. Alishusha amplifaya ya rangi ya fedha, safi, yenye kioo mbele. "Hii ni noma. Chukua hii, utanikumbuka."

Boke aliigeuza, akasoma kibandiko, akaona hesabu zinakubali. Waliunganisha deki na spika, akaweka kanda ya kwaya ya kanisani kwao, ambayo aliijua neno kwa neno. Sauti ilitoka nzuri. Tata alianza kutabasamu. Lakini baada ya dakika kumi hivi Boke aliinua kidole. Spika ya kushoto ilikuwa inakwaruza, kidogo sana, kama kuku anayechakura majani.

"Aah, hiyo ni waya tu," Godwin alisema. "Ukifika nyumbani utakaza."

"Naomba nijaribu kitu, kaka," Boke alisema kwa heshima. Alizima mashine. Akachomoa nyaya za spika na kuzibadilisha, ya kushoto akaichomeka kulia na ya kulia kushoto, kila moja na waya wake. Akawasha. Mkwaruzo ulikuwa umehamia kwenye spika ya pili.

"Kama mbovu ingekuwa spika au waya wake, mkwaruzo ungebaki palepale," alieleza. "Umehama kwa sababu unatoka kwenye amplifaya, upande huu."

Godwin hakucheka tena. Alisogeza sikio, akasikiliza, akakuna kichwa. "Kweli aisee. Mimi mwenyewe sikuwa nimejua." Akaitoa mezani na kuiweka chini. "Wewe msichana umesomea wapi hii kazi?"

"Nimemuuliza fundi wetu," Boke alijibu.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na amplifaya nyeusi iliyochubuka mfuniko. Ilikuwa na vitufe vitano vya kuzungusha na taa moja nyekundu, basi. Boke alijaribu kuinyanyua akashindwa. Tata akaiweka mezani kwa kishindo. Nyuma ilisomeka kwamba inatumia wati mia moja na sitini, na inatoa wati arobaini kila upande kwa spika za ohm nane. Nyuma ya spika zao iliandikwa ohm nane.

Aliiwasha bila wimbo kwanza, akaweka sikio kwenye spika. Kimya, kama chungu kitupu. Akacheza kanda. Mara Boke akakodoa macho kwa mshangao. Katika wimbo ule aliousikia tangu utotoni, alisikia kwa mara ya kwanza wazee wa sauti ya nne, ile nzito kabisa, wakinguruma chini ya wengine. Alizungusha kila kitufe mbele na nyuma, akabadilisha nyaya tena, akasubiri nusu saa nzima huku wateja wakiingia na kutoka. Mwisho akaweka kiganja juu ya mfuniko. Ulikuwa na joto kama ukuta uliopigwa na jua la asubuhi, siyo zaidi.

"Tata, ni hii," alisema.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kwa sababu ya ile michubuko, bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya mashine ya taa za bluu. Iliyobaki ilitosha kununua stabilaiza ya kuikinga umeme ukirudi kwa nguvu. Godwin mwenyewe ndiye aliyebeba mzigo mpaka kwenye pikapu. "Mzee," alimwambia Tata, "huyu akimaliza shule umlete hapa. Nitamwandika kazi."

Tata alicheka njia nzima hadi Nkende.

Jumapili baada ya ibada Agustina alifika, mama mrefu mwepesi wa kucheka. Alipiga magoti mbele ya Babu Heche.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hata hatua zako ni za baba yako," babu alisema, akamshika mikono asiiachie.

Walikula, wakanywa chai. Fundi Eunice alikuwa amealikwa, na Tomaso na mkewe pia. Kisha babu akatoa kanda kwenye leso, akaikabidhi mikononi mwa Boke. Boke aliwasha stabilaiza, akawasha amplifaya, akaanza na sauti ya chini kabisa kama alivyofundishwa. Akabonyeza kitufe cha deki, kisha akaongeza taratibu.

Iritungu ililia. Haikukwaruza bati tena. Kila uzi ulisikika peke yake, ile minene ikitikisa vikombe mezani. Babu Heche aliinua kichwa na vidole vyake vikaanza kucheza juu ya goti. Halafu sauti ya mwanamume ikaingia, nzito, yenye kutulia, ikajaza sebule yote kana kwamba mwenyewe amesimama mlangoni.

"Simioni!" babu aliita. "Huyo sasa ndiye Simioni!"

Agustina alifunika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalimtiririka, lakini hakutaka mtu azime. Wimbo ulipofika katikati, Simioni alinyamaza na iritungu ikabaki peke yake. Ndipo Boke aliposikia kitu kingine, kidogo, chini ya mlio wa nyuzi. Aliongeza sauti kidogo.

Ni mtoto mchanga aliyekuwa analia.

"Ng'aa! Ng'aa!" alilia yule mtoto, na Simioni, katikati ya wimbo, akasikika akicheka na kumbembeleza kwa Kikurya: nyamaza, nyamaza mama, nimalize.

Babu Heche aligeukia pale alipokaa Agustina. Uso wake wote uling'aa. "Nilikuwa nimesahau! Alikuwa amekupakata siku ile. Alikataa kukuacha ndani. Agustina, huyo anayelia ni wewe!"

Agustina akaangua kicheko, kicheko kikubwa kama cha baba yake ndani ya kanda, akalia na kucheka kwa pamoja. Mke wa Tomaso akapiga kigelegele. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Majirani walichungulia dirishani kuuliza kuna harusi gani. Agustina alimkumbatia Boke mpaka miguu yake ikaacha sakafu.

Fundi Eunice alitoa waya kwenye mkoba wake, akaunganisha simu ya Agustina, akamrekodia humo wimbo wote ili aende nao Robanda. Ndipo Tata aliposimama. Hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo wote walimgeukia.

"Boke," alisema, "ungenyamaza siku ya Ijumaa, leo humu ndani tungekuwa na taa nyingi za bluu, na shangazi yako asingemsikia baba yake. Uliposema ukweli, uliaibika kidogo, lakini angalia sisi tulichopata. Kutojua si kosa, mwanangu. Mimi na umri wangu sijui mambo mengi. Kosa ni kujifanya unajua, maana hasara yake huwafika hata wasiohusika. Ukiwa hujui, uliza. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijafungwa kwenye boksi."

Watu walicheka, na Fundi Eunice akapiga meza kuunga mkono. Boke naye alicheka, akiwa ameinua uso mbele yao wote.

"Maneno ni mazuri," Babu Heche alisema kutoka kwenye kiti chake, vidole vyake vikiwa bado vinatafuta nyuzi juu ya goti. "Sasa mwacheni mtoto afanye kazi yake. Boke, rudisha kanda mwanzo, na uongeze sauti!"

Boke akairudisha mwanzo, akazungusha kitufe, na nyumba nzima ikacheza.